Bibi wa Nyotani Afika Kikwajuni

Zahor, karani wa forodhani, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hadithi za Kiingereza za watu wanaopanda mwezini kwa vyombo vya chuma. Mabaharia wa meli za Ulaya wakishazichakaza huziacha bandarini, na Muhiddin, muuza vikuukuu, huziuza Mlandege, kasha moja na chupa tupu.

Siku moja alikuwa akiitafuta juzuu ya pili ya kisa cha bibi aliyetekwa na watu wa kijani. Ya kwanza ilimwacha bibi huyo ananing'inia juu ya shimo la moto, na tangu hapo Zahor chakula hakimpiti kooni.

"Nshaiuza," alisema Muhiddin. "Kaichukua Bi Mwanamkasi, mshonaji wa Kikwajuni."

"Anasoma Kiingereza?"

"Hasomi. Kapenda gauni."

Kweli, bibi wa jaladani alivaa gauni la rangi ya fedha, mabega yamechongoka kama pembe, na Bi Mwanamkasi alikuwa akiliiga kwa ajili ya bi harusi.

Zahor akapanda baiskeli mpaka Kikwajuni, akabisha hodi, akatoa shikamoo.

"Marahaba," sauti ilijibu nyuma ya pazia. "Kitabu siuzi. Mkono mmoja bado sijaushona."

"Baki na jalada, Bi Mwanamkasi. Mie nipe kurasa tu."

"Kwani mna nini ndani?"

Zahor akakosea, akamweleza. Kumbe ukumbini walijaa wanawake wakipiga pindo.

"Basi kaa hapo barazani utusomee," alisema Bi Mwanamkasi, akampitishia kitabu. "Hatuwezi kumvisha mtu gauni la mwenzake bila kujua kafikwa na nini."

Zahor akasoma, akifasiri.

"Mfalme wa kijani anataka kumwoa."

"Walii wake nani?" aliuliza Bi Kazija, mama wa bi harusi.

Zahor akapekua. "Hakutajwa."

"Ndoa haisihi. Endelea."

Alipofika pahala pa kukumbatiana, akaruka.

"Mbona umefunua kurasa mbili?" aliuliza mmoja aliyekuwa akichungulia.

"Zimegandana."

Ukurasa wa mwisho ulimtoa jasho. Watu wa kijani wote waliuawa, na bibi akarudishwa kwao kumpikia nahodha aliyemwokoa. Zahor akalitazama pazia. Nyuma yake hata cherehani imesita, ikimsubiri.

"Mfalme akasilimu," alisema.

Vigelegele vilitoka mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Na rangi yake?" aliuliza Bi Kazija.

"Ilibaki."

"Haidhuru. Kijani rangi ya heri."

Bi harusi akaligomea gauni la fedha. Akashonewa la kijani, mabega yake yakipita mlangoni kwa ubavu.

Ijumaa iliyofuata Zahor alikwenda Mlandege, akakuta chupa tu.

"Bi Mwanamkasi kavibeba vitabu vyote," alisema Muhiddin. "Kasema ukivitaka, baada ya alasiri, barazani. Na wafalme wasife."

Zahor akageuza baiskeli, akashika njia ya Kikwajuni.