Jicho la Kushoto

Daktari wa mifugo hakuambiwa karibu. Wifi yake, mke wa kaka yake, alimfungulia geti, akampa kisogo na kutangulia bandani.

"Sikukuita kwa sababu nimekukumbuka," alisema bila kugeuka. "Mwangalie macho huyu farasi. Mimi nasimama hapa hapa."

Walikuwa hawajasemeshana miezi mitano, tangu farasi huyo alipogutuka uani na kumwangusha kaka mtu, akavunjika nyonga. Wakati ule wifi alikuwa akipita na beseni la nguo. Mama mkwe alisema amemtisha mnyama makusudi, mashangazi wakaitikia. Daktari, ambaye neno lake kuhusu wanyama halikupingwa katika ukoo, akapigilia msumari: "Farasi mzima hagutuki bure." Basi mwanamke akaangushiwa jumba bovu. Tangu hapo alimlisha farasi, akamwogesha mume, na kumeza matusi ya mkwe aliyehamia chumba cha pili.

Kabla ya kumgusa farasi, Daktari alitazama kope. Za kulia zilisimama. Za kushoto ziliinama kama za mtu mwenye usingizi. Akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akapeleka kidole taratibu kwenye la kulia. Farasi akapepesa. Akabadilisha upande. Kidole kilikaribia kabisa jicho la kushoto, na farasi akatulia tuli.

"Mbona hupungi mkono mzima?" wifi akauliza kwa ukali.

"Mkono unaleta upepo. Atapepesa kwa ule upepo, nami nitadhani anaona."

"Kumbe unajua."

Daktari akaomba mlango ufungwe na dirisha lizibwe kwa blanketi, maana ndani ya jicho huonekana vizuri gizani. Akawasha tochi ndogo. Mboni ya kulia, pana kwa ubavu kama ya kila farasi, ikasinyaa. Ya kushoto haikusogea. Kingo zake zilikuwa zimechakaa na kugandamana na lenzi iliyo nyuma yake, na lenzi yenyewe ilikuwa na ukungu mweupe. Huo haukuwa ugonjwa wa miezi mitano. Ni uvimbe uliokwenda na kurudi kwa miaka, kila safari ukila kidogo.

"Sema," sauti ya wifi ilitoka gizani.

"Halioni. Ni jambo la zamani."

"La zamani kiasi gani?"

Daktari aliishusha tochi. Miaka miwili nyuma, kaka yake alipotaka kumnunua farasi huyu, yeye ndiye aliyemkagua, nje, jua la utosi, akiwa na haraka zake. Akaandika kwamba macho yote mawili ni mazima.

"Nilikuwepo," wifi akasema. "Nilikuuliza, wifi, mbona analia upande mmoja? Ukacheka. Ukasema vumbi hilo, nirudi jikoni. Siku ile hukufunga mlango wowote. Na siku aliyoanguka mume wangu, mimi na beseni langu tulipita upande huo huo."

Daktari angeweza kufunika kombe mwanaharamu apite. Hakuna mwingine pale aliyejua kulisoma jicho lile.

"Unataka nini?"

"Ingia ukamwambie mama yako. Kwa mdomo ule ule."

Mama alikuwa akikunja shuka kando ya kitanda cha kaka. Daktari alisimama, akaeleza yote, akamaliza: "Kosa ni langu."

Mama alimgeukia mkwewe. "Umemlisha nini mwanangu?"

"Mama, nimesema ni mimi."

"Nyamaza! Amekupanda kichwani na wewe."

Kaka alikuwa ameelekea ukutani. "Nilimwona akija, mama," alisema. "Alikuwa anatembea polepole tu. Farasi ndiye hakumwona."

Wifi alimtazama mumewe. "Ulijua? Miezi yote hii?"

"Ningesema nini, na nyumba nzima imeshaamua?"

"Ungesema hivyo ulivyosema sasa."

Akamtupia mkwewe taulo la kumwogeshea mwanawe, akatoka. Daktari alimfuata bandani.

"Jicho bado linamuuma. Kuna dawa ya matone, mara mbili kwa siku. Na la kulia nilitazame kila mwezi. Ugonjwa huu huhamia jicho la pili."

"Niandikie. Maneno matupu ya kwenu nimeyachoka."

Daktari akaandika, karatasi ikiwa juu ya goti.

Wiki hiyo mama alifungasha akaenda zake, bila kuomba radhi. Daktari aliwazungukia mashangazi mmoja mmoja akirudia kosa lake. Wawili walikuja kumwona wifi, akaongea nao wakiwa mlangoni. Kila mwezi Daktari hurudi, na wifi huziba dirisha bila kuombwa, akasimama mikono kifuani hadi tochi izimwe. Kaka alipoweza kutembea kwa gongo alianza kufika bandani asubuhi. Mkewe humkabidhi ndoo ya maji bila kumtazama, naye huibeba.