Mke Mwenza wa Darini

Asubuhi hiyo bibi alipanda stuli, akamshika mjukuu wake kifundo cha mguu, akamvuta toka darini aje anywe uji. Mtoto akashuka nusu, akapiga mafunda mawili, akapaa tena na kijiko chake. Mama wa kitanda cha jirani akasogea kidogo, maana uji ulikuwa unamdondokea.

"Mke mwenzangu, shuka basi," bibi akasema. "Wenzako wanakula wamekaa."

"Leo mko wawili," mtoto akajibu huku kashika kichwa kinachomgonga. "Yupi kati yenu ndiye anayekoroma?"

Wodi nzima ikaangua kicheko.

Virusi alizaliwa navyo. Kinga iliposhuka, fangasi wakapata upenyo, wakahamia kichwani, na maji ya huko yakajaa mpaka presha ikamnyanyua kitandani hadi darini. Daktari, mfupi hasa, wodi ilimwita Nusu Futi, alishasema: maji yapunguzwe kwa sindano ya mgongoni, mtoto atashuka. Yakiachwa, macho, ambayo tayari yanaona kila kitu viwili viwili, yatakufa kwanza, halafu mwenyewe. Bibi alikuwa anakataa tangu juzi, kwa sababu wodi ilishampa habari zote: sindano hiyo inapoozesha, mtoto wa fulani aliingia anatembea akatoka kabebwa.

Nusu Futi naye akapanda stuli, akawa sawa kimo na bibi.

"Bibi, huyo mtoto wa fulani walimchoma mapema, au walisubirisubiri kama wewe?"

Bibi akafikiri. Huyo fulani mwenyewe hakumjua.

"Mchome," akasema.

Wakamvuta, wakamlaza ubavu, wakamkunja magoti kifuani, bibi akamlalia miguuni asiwatoroke. Maji yakatoka tone kwa tone, meupe pee. Kadiri yalivyopungua ndivyo mjukuu alivyozidi uzito, mpaka kitanda kikalia kwiii, na mtoto kalala kitandani kama watu wengine. Akamwangalia bibi.

"Mwenzako kaenda wapi?"

"Nimemfukuza. Anakoroma."

Mtoto akamaliza bakuli lake, akahamia la jirani. Bibi akakata kiuno katikati ya vitanda, wagonjwa wakampigia makofi.

Sasa, dawa ya kuua fangasi wenyewe ndiyo haikuwepo stoo. Iko njiani, walisema. Kwa hiyo maji yakajaa upya, sindano ikarudi, ikawa ndiyo ratiba. Mkubwa wa hospitali alipokuja kukagua, alitazama juu, akaridhika, akampa mtoto balbu abadilishe zilizoungua, kwa kuwa ngazi nayo ilikuwa njiani. Wodi ikawaka kama ukumbi wa harusi.

Kesho yake bibi akamfunga mtoto mtandio mguuni, akaulegeza taratibu mpaka mtoto akafika kwenye kidirisha cha juu kabisa.

"Haya, mke mwenzangu. Gari la dawa linakuja?"

Mtoto akatazama sana.

"Naona barabara mbili, Bibi. Zote tupu."

Bibi akaanza kuuvuta mtandio, huku akimwomba jirani amwite Nusu Futi, aje na sindano yake.