Saa Moja na Nusu kutoka Ausuittuq

Kutoka Ausuittuq hadi Qausuittuq, vijiji viwili vya kaskazini kabisa kwenye nchi ya barafu, ni kilomita mia tatu na tisini hivi, saa moja na nusu kwa ndege ndogo, hali ya hewa ikitaka. Siku hiyo haikutaka. Ukungu wa Agosti ulipanda kutoka kwenye barafu ya bahari ukameza nusu ya uwanja wa ndege wa Qausuittuq, na Olipika, ambaye kazi yake ni kuwaambia marubani kwa redio kinachoonekana huku chini, hakuwa na raha hata chembe.

Ndani ya ndege iliyokuwa ikija kutoka Ausuittuq alikuwemo mama wa baba yake. Mama mwenyewe ana miaka saba na meno ya mbele hana. Alizaliwa mama mzazi wa baba alipofariki, akapewa jina lake, Arnatsiaq, na kwa desturi ya huko anayerithi jina hurithi na nafasi; tangu hapo baba humwita mama, na mtoto humwita mzee huyo mwanangu, wala hakuna anayecheka. Sasa baba alikuwa kitandani zahanati, chakula hakipiti, na neno lake lilikuwa moja tu: mleteni mama.

Simu ikalia. Kaka yake, Jaipiti, alikuwa kando ya kitanda.

"Wamefika wapi?"

"Karibu nusu ya njia. Rubani ataniuliza sasa hivi. Wakipita hapo, mafuta ya kurudi hayatoshi."

"Mwambie kweupe."

"Sioni hata matangi ya mafuta pale mwisho wa uwanja, Jaipiti."

"Mwoga wewe, tangu utotoni! Baba anatutoka, dada. Ukungu utafunguka wakifika. Wewe sema tu!"

Olipika akakata simu. Nje, ukungu ulipasuka kidogo, matangi yakaonekana, halafu yakapotea tena. Kwa mtu anayetafuta kisingizio, hilo lilitosha kabisa, na Mungu anajua alikitafuta.

"Qausuittuq, nipe hali," rubani akaita. "Niamue."

Akabonyeza kitufe. Akilini alimwona baba akigeuza shingo kila mlango unapofunguka. Akamwona na mtoto, amefungwa mkanda, miguu haifiki sakafuni.

"Sioni matangi," alisema. "Geuza."

"Nageuza," rubani akajibu. "Pole, Olipika. Kuna abiria hapa analia, anakutaka."

"Olipika?"

"Naam, bibi."

"Mwanangu ananingoja?"

"Anakungoja, bibi."

Mtoto akavuta kamasi. "Mwambie asiningoje. Mwambie mama yake kasema alale."

Olipika hakuondoka redioni mpaka aliposikia wametua salama kwao. Hapo ndipo alipotoka mbio kwenda zahanati. Jaipiti hakumtazama. Olipika alipiga magoti, akamwambia baba sikioni, neno kwa neno, huku akiogopa jibu.

Mzee akafumbua macho.

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba. Kwa redio."

"Kakasirika?"

"Hapana. Alikuwa analia kidogo."

"Asilie bwana," mzee alisema. "Mwambie nalala."

Akavuta blanketi hadi kidevuni, akageukia ukutani, akafumba macho upesi upesi kama mtoto aliyekutwa bado yu macho. Jaipiti akamshika dada yake mkono. Hawakumwamsha, na baadaye hakuwa mtu wa kuamshwa tena.