Kiti cha Mstari wa Mbele

Mimi si mtu wa kunyamaza, na mama analijua hilo. Ndiyo maana siku ya mahafali alinishika mkono getini pa chuo, akaninong'oneza, "Leo usinitie aibu."

Kisha akatoa sharti. Chuo chetu ni kidogo, na kila mahafali kinatualika sisi tuliomaliza zamani. Wenye ajira wanakalishwa mbele ili wazazi waone matunda ya ada zao.

"Ukikaa mbele, mdogo wako anaendelea kusoma," mama akasema. "Ukikaa kwingine, jioni naondoka naye. Sisomeshi wawili waje kuchokonoa mafriji! Friji hata aliyeishia darasa la saba anatengeneza."

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, yuko mwaka wa pili chuoni hapohapo. Alinitazama. Nilitaka kulia, ila hasira ikanitangulia.

Mlangoni mwa ukumbi alisimama afisa takwimu wa chuo na fomu ya ajira za wahitimu, kijana mwenye tai iliyomkaba koo. "Mwajiri wako nani?"

"Sina. Nina karakana yangu ya friji nyuma ya soko. Mtaa mzima unaniita Dada Barafu."

"Huna mwajiri, basi huna ajira. Kipato nimekuwekea sifuri. Kaa kule nyuma na wanaotafuta kazi."

"Sifuri? Umeniuliza?"

"Fomu haina nafasi yako, dada. Usinichoshe."

Ebo! Nikaenda nyuma, nikakaa. Kwenye viti vya wazazi, mama alikuwa ameshakumbatia mkoba wake, tayari kwa safari.

Mkuu wa chuo akashika kipaza sauti. Akajisifu weee, mwishowe akasema, "Wahitimu wetu wawili wameajiriwa na kampuni moja! Mshahara mzuri, tena haucheleweshwi! Simameni tuwaone."

Wakasimama mhasibu wangu na fundi wangu, suti zimenyooka. Nilicheka mpaka watu wakageuka.

"Mheshimiwa," nikapaza sauti, "hebu waulize nani anawalipa!"

Mhasibu wangu akaninyooshea mkono. "Bosi wetu ni yule pale nyuma, kwa wanaotafuta kazi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afisa akaja mbio, jasho linamtiririka. "Dada, samahani, njoo mbele."

"Siji ng'o! Maji yameshamwagika, kaka. Kama mimi sina kazi, hata hao hawana. Nyie wawili, nawaachisha kazi mpaka huyu arekebishe fomu yake. Njooni tutafute kazi pamoja!"

Wakaja, kila mmoja na kiti chake kichwani. Mstari wa mbele ukabaki na pengo kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nahitaji dereva. Nikamwambia aje karakana tuongee.

Mara nikamwona mama anakuja, naye anaburuta kiti chake. Akakiweka ubavuni mwangu, akaketi, mkoba mapajani. Alimtazama afisa anavyohangaika na kalamu, akamwambia, "Futa vizuri hiyo sifuri, mwanangu."

Kisha akamgeukia mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na begi la nguo mkononi.

"Na wewe unakodoa macho nini? Si una mtihani wiki ijayo? Rudisha begi bwenini, ukasome."