Jina, Darasa, Somo

Cosmas Mwakio alipewa kazi moja tu, na mkewe aliirudia mara tatu ili isije ikapotea njiani: toa vitabu kwenye maboksi, panga kwenye rafu, funga mlango, njoo nyumbani.

"Usiongeze kitu," Nidia alimwambia Ijumaa asubuhi, huku anavaa koti aende uwanja wa ndege kumpokea mama yake anayetoka Kolombia. "Kazi ikiisha, imeisha. Usiitafutie mtoto."

Hakusema kwa ubaya. Alimjua mumewe. Mwaka juzi alimwomba apake jikoni rangi, naye akapaka kuta, swichi, na kipande kizuri cha paka wa jirani. Cosmas ni dereva wa basi, na barabarani hana mpinzani. Tatizo lake huanza akishuka kwenye usukani na kukuta mtu anahitaji msaada.

Lakini hili duka la vitabu halikuwa jiko. Nidia alisafisha ofisi za watu London miaka kumi na sita, na miaka yote hiyo alitembea na vitabu vya Kihispania ndani ya mfuko wa dasta, akiwaazima wenzake wa shifti ya alfajiri. Mmoja akimaliza, anampa mwingine kwenye lifti. Sasa alikuwa amepata chumba cha kwake, kwenye kichochoro cha maduka pale Peckham, katikati ya saluni ya nywele na mama anayeuza viazi vikuu. Riwaya, mashairi, mapishi, hadithi za watoto, zote za Walatino, yaani watu wa Amerika ya Kusini, nusu kwa Kihispania, nusu kwa Kiingereza. Juu ya mlango aliandika La Vecina, maana yake Jirani.

Chumba alikipata, ila bado hakijawa chake. Mwenye nyumba, Mzee Praful, Mhindi mzaliwa wa Kisumu anayekaa Queensbury, alikuwa amewapa funguo lakini mkataba wa miaka mitano hajausaini.

"Jumamosi nakuja saa sita," alimwambia Cosmas kwa Kiswahili chake cha Kisumu, ambacho hakikuwa kimepauka hata kidogo. "Nikikuta watu, nasaini hapohapo. Nikikuta nyinyi wawili mnatazamana, bwana, kuna kijana wa sigara za mvuke ananipigia simu kila siku mpaka mke wangu anauliza ni nani."

Basi Ijumaa hiyo Cosmas alipanga vitabu. Mia mbili na themanini. Kufikia saa tano alikuwa amemaliza, amefagia, na yuko mlangoni na ufunguo mkononi, mume mtiifu kabisa. Hapo ndipo dada yake Nancy alipoingia.

Nancy ni nesi, anakaa Thamesmead, na ni mkubwa kwa Cosmas kwa miaka minne ambayo hajawahi kumsahaulisha. Alitembea mbele ya rafu mikono nyuma, kama yuko wodini.

"Ni vizuri," alisema. "Ila viko uchi."

"Nani yuko uchi?"

"Vitabu, Cosmas. Kesho watu watakula nini hapa?"

"Empanada. Kama sambusa hivi. Mama mkwe anakaanga."

"Sambusa." Nancy alivuta kitabu kimoja chenye jalada jeupe pee. "Mtu anakula sambusa, anajifuta kwenye suruali, anashika hiki. Halafu nani ananunua kitabu chenye kidole cha mafuta? Ungekuwa wewe ungenunua?"

Cosmas alikipokea kile kitabu, akakigeuza. Baba yao alikuwa mwalimu kule Voi. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, familia nzima ilikaa sakafuni na mkasi na karatasi ya kaki, na hakuna kitabu kilichovuka kizingiti cha nyumba ile bila kuvalishwa kava. Kitabu bila kava kilikuwa kama mtoto aliyepelekwa kanisani bila viatu.

"Nidia alisema nisiongeze kitu," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kulegea.

"Huongezi. Unakinga."

Walinunua roli nane za karatasi ya kaki dukani kwa mtu wa vifurushi, pamoja na selotepu. Walikaa sakafuni, wakakunja, wakakata, wakabandika, wakakumbushana nani alipigwa kwa kukata karatasi vibaya mwaka gani. Nancy, kwa mazoea ya mkono tu, alichora mistari mitatu mbele ya kila kitabu kwa biki nyekundu, akaandika kama walivyofunzwa: Jina. Darasa. Somo. Saa kumi na moja jioni walisimama wakatazama kazi yao. Ukuta mzima ulikuwa rangi moja ya kaki, umenyooka kama gwaride.

"Baba angelia," alisema Nancy.

Aliyekaribia kulia ni Nidia, Jumamosi saa mbili asubuhi. Aliingia na mama yake na sufuria ya empanada, akaiweka chini polepole. Hakupiga kelele. Cosmas angependa apige.

"Majalada yako wapi?" aliuliza.

"Yako ndani," Cosmas alisema. "Salama."

"Mtu anajuaje hiki ni mashairi na hiki ni mapishi?"

"Anafungua."

"Cosmas. Mtu hafungui kitabu asichokijua. Anaona sura yake, kinamwita, ndipo anafungua."

Alichukua kimoja, akajaribu kuvua kava. Selotepu ilikuwa imeshika jalada lenyewe kwa ndani; Nancy habandiki kitu nusunusu. Ilipotoka, ilitoka na kipande cha uso wa mwanamke mwenye kofia. Nidia alikitazama kile kipande, akakirudisha kitabu kwenye rafu, akaenda kusimama nyuma ya kaunta na kupanga leso ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Wifi, ni mimi," alisema Nancy, aliyekuwa amekuja mapema kusaidia. "Mkemee huyu baadaye, anza na mimi."

"Nitawakemea wote wawili," Nidia alisema. "Kwanza acha nifungue duka langu."

Saa nne mlango ulifunguliwa. Mpaka saa tano kasorobo walikuwa wameingia watu watatu. Wawili walikuja na nguo walizonunua mtandaoni, wakitaka kuzirudisha, maana waliona karatasi ya kaki ukuta mzima wakadhani hapa ndipo vifurushi vinapoachwa. Wa tatu aliuliza kama wanatoa fotokopi. Mama mkwe, ambaye hakujua Kiingereza wala Kiswahili, aliendelea kuwapa wote empanada, na wote walikula.

Cosmas alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakwenda kasi kuliko basi lolote alilowahi kuendesha.

Saa tano na dakika tano aliingia Doña Fabiola, yaani Bi Fabiola, mama wa Ekuado anayeuza juisi upande wa pili wa kichochoro, mnene wa sauti na mwembamba wa mwili. Alikuwa mmoja wa wale wa shifti ya alfajiri zamani. Alivuta kitabu, akakigeuza, akauliza kitu kwa Kihispania huku kidole kiko kwenye mistari myekundu.

"Anataka kujua hii ni nini," Nidia alimwambia mumewe. "Eleza mwenyewe. Mimi nitatafsiri tu."

Cosmas alikohoa. "Kwetu, kitabu kikivalishwa unaandika hapo mbele. Jina, ni la mwenye kitabu. Darasa, uko darasa la ngapi. Somo, unasoma nini humo."

Nidia alitafsiri bila kuongeza chumvi. Doña Fabiola alifungua kitabu, akasoma ukurasa wa kwanza, akacheka kidogo puani. Kumbe alikuwa anakijua. Aliwahi kuazimwa na Nidia, akakimaliza ndani ya choo cha benki moja, ndoo ikiwa mlangoni ili asisumbuliwe. Aliomba kalamu. Kwenye Jina aliandika lake. Kwenye Darasa alisita, kisha akaandika, na Nidia akasoma kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini: la nne, ndipo nilipoachia. Kwenye Somo aliandika mstari mmoja mrefu uliopanda mpaka pembeni ya karatasi: jinsi ya kumsamehe baba aliyeondoka, lakini si haraka.

Mtu wa fotokopi, ambaye alikuwa bado anamalizia empanada ya tatu, alinyoosha shingo. "Hicho kiko kwa Kiingereza?"

"Kiko," Nidia alisema, akafungua viwili vitatu, akamvutia nakala ya Kiingereza. Yule mtu alikinunua bila kuuliza jalada lina rangi gani, ila alimwomba Doña Fabiola amwandikie na yeye maneno yaleyale.

Doña Fabiola aliona kazi imemfikia. Alitoa simu, akatuma ujumbe wa sauti kwa wenzake wa zamani, na sauti ile hata bila simu ingefika. Robo saa baadaye kichochoro kilianza kujaa. Walikuja wasafishaji waliotoka shifti, wakaja na waume zao, akaja mchungaji wa Wabolivia, wakaja na wale dada wa saluni ya jirani na mteja mmoja nywele zimesukwa upande mmoja. Kila aliyewahi kuazimwa kitabu na Nidia alikisaka chake kwenye rafu, akakifungua kimoja baada ya kingine mpaka akakipata, akaandika. Somo: usiolewe na mshairi. Somo: bibi yangu alipika hivihivi, ila yeye hakuwa mchoyo wa chumvi. Somo: nililia kwenye basi namba kumi na mbili, dereva akaniuliza kama nimepitwa na kituo.

"Huyo dereva si mimi," Cosmas alisema.

"Ungekuwa wewe ungempaka rangi," Nancy alimjibu.

Waliokuja bila kujua kitabu chochote walisoma mbele za vile vilivyoandikwa, wakagombania. Nidia alikuwa anauza kwa mikono miwili. Hakuwa amemtazama Cosmas bado, lakini alikuwa ameacha kupanga leso.

Saa sita kamili Mzee Praful alifika, akashindwa kuingia. Cosmas alimwona kofia tu kwa nje, akasukuma njia mpaka mlangoni.

"Karibu mzee."

"Nikaribie wapi? Hakuna mahali." Alijibana ubavu akaingia, akachukua kitabu cha karibu. Akakipapasa, akakinusa, akageuza pembe. "Nani amefunika hivi?"

Cosmas alimwonyesha Nancy kwa kidevu. "Ni sisi, mzee. Dada yangu na mimi."

"Kona mmekunja vibaya." Alivua miwani. "Kona unakata kidogo kwanza, ndipo unakunja, la sivyo inavimba. Mama yangu alitufunikia watoto saba. Kaki ikiisha, anatumia kalenda ya duka. Mimi nilimaliza darasa la sita na hesabu yangu imeandikwa Desemba." Alimgeukia Nancy. "Na selotepu ya nini? Anayejua kukunja hahitaji selotepu."

Nancy, ambaye hajakosolewa hadharani tangu alipomaliza mafunzo ya unesi, alisema, "Ndiyo, mzee."

Praful aliwatazama wale watu, akamtazama yule mteja wa saluni aliyekuwa anasoma amesimama, chanuo kichwani. Akatoa simu akampigia mtu. Alizungumza Kiingereza, kifupi, kwa adabu. Chumba kimepata mwenyewe, alisema, pole sana kijana, usipige tena, mke wangu ana wasiwasi.

Nidia alisikia. Alitoka nyuma ya kaunta na mkataba mkononi, ule aliokuwa ameuweka ndani ya bahasha tangu mwezi uliopita.

"Kalamu," Praful alisema.

Hapakuwa na kalamu. Zote tisa zilikuwa mikononi mwa watu, na hakuna aliyekuwa tayari kukatiza sentensi kwa ajili ya mwenye nyumba. Ikabidi asimame kwenye foleni nyuma ya mchungaji wa Wabolivia, ambaye alikuwa na mengi ya kusema kuhusu kitabu chembamba. Mama mkwe alimpa empanada ya viazi asubirie nayo. Ilipofika zamu yake alijifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja, akasaini kurasa zote tatu, kisha akaiweka kalamu mfukoni kwa mazoea, na Doña Fabiola akaitoa.

Watu walipopungua kidogo, Nidia alikuja kusimama karibu na mumewe. Wote wawili walitazama rafu zilizobaki na mapengo.

"Jumatatu yanakuja maboksi sita," alisema.

Cosmas alianza kuhesabu mapengo kwa kidole.

"Ununue karatasi," Nidia alisema. "Selotepu uache hukohuko dukani."