Sauti Mbili Redioni

Hapakuwa na haraka ya kitu siku hiyo. Fundi cherehani alikuwa amekifunga kibanda chake kwa mapumziko ya wiki, akabaki nyumbani na mama yake, wameketi mkekani wakichagua mchele.

"Angalia vizuri," mama alimwambia binti yake. "Jiwe likinivunja jino, cherehani chako hakitaliziba."

Fundi akacheka. Redio ilikuwa inajisemea yenyewe juu ya kabati. Mama aliipenda kwa ajili ya habari tu. Muziki ukianza, aliinuka akaizima. Fundi na kaka yake mdogo walikua wakijua hivyo: mama na muziki, paka na panya.

Mtu wa nyimbo alikuwa baba. Marehemu alikuwa seremala, na kulikuwa na wimbo mmoja aliokuwa akiupiga mluzi huku randa ikienda na kurudi. Mama akitokea mlangoni, mluzi unakatika. Wanawe waliuita wimbo wa baba. Waliamini kautunga mwenyewe, maana hawakuwahi kuusikia kwingine kokote.

"Wapenzi wasikilizaji," mtangazaji akasema, "tumefungua sanduku la kanda kuukuu lililosahaulika stoo. Hii ya kwanza haina hata jina la bendi. Anayeijua atuambie."

Gitaa likalia. Mkono wa fundi ukaganda juu ya ungo.

"Mama! Si wimbo wa baba huo?"

Aliruka kuongeza sauti kabla mama hajamwahi. Lakini mama hakuinuka. Alikaa vile vile, ungo mapajani, macho ukutani.

Akaanza kuimba mwanamke. Sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo kila mwisho wa mstari. Mkwaruzo ule fundi aliujua. Ndio uliomwita akaoge alipokuwa mdogo, ndio uliomtuma dukani, ndio uliomkaripia asubuhi ile ile kwa kuacha sindano kitini.

"Mama..."

"Ni mimi," mama akasema.

Redioni ikaingia sauti ya pili, nyembamba, ikipanda juu ya ile ya kwanza kama mtoto anayemkwea mama yake mgongoni. Ungo ukamponyoka mama. Mchele ukatapakaa sakafu nzima.

"Chiriku," alisema. "Huyo Chiriku. Mdogo wangu huyo."

"Mdogo wako yupi? Si ulituambia kwenu ulizaliwa peke yako?"

"Niliwadanganya, mwanangu."

Wimbo ulikwisha, mtangazaji akaendelea na mengine. Mama alizungumza bila kulia, na hilo lilimtisha fundi kuliko machozi. Alisema walikuwa wakiimba wote wawili kwenye bendi. Chiriku lilikuwa jina la utani, kwa sababu hakunyamaza hata akila. Siku moja bendi ilialikwa kupiga mji mwingine. Mama alikwisha kuvaa, mpaka viatu. Chiriku hakutakiwa kwenda. Mwenye bendi alitaka mwimbaji mmoja tu safari ile.

"Mtoto akapandisha homa. Nikavua viatu. Chiriku akasema, dada, baki na mwanao, nitaimba mimi sehemu zote mbili. Lori lao lilitumbukia bondeni. Hakurudi mtu."

Fundi alikuwa mtoto wa kwanza. Wakati huo kaka yake hakuwa amezaliwa.

"Mtoto huyo ni mimi?"

"Ulikuwa huwezi hata kutambaa."

"Mama, ni mimi?"

"Ni homa," mama akajibu kwa ukali. "Wewe usijibebeshe. Ndiyo maana nilinyamaza, usije ukajibebesha. Baba yako alijua. Nilimwambia wimbo ule usiingie nyumbani kwangu tena, na maskini alijitahidi, lakini mluzi ulimshinda."

Fundi akarudi mkekani, akaketi karibu naye. Miaka yote hiyo alikuwa amelala, amekula na kugombana na mwanamke aliyebeba kifo kimya kimya ili yeye acheze. Na ana mama mdogo. Alikuwa naye. Hajui hata alikuwa anacheka vipi.

Simu ikalia. Kaka yake, dereva wa teksi.

"Dada, umesikia? Wimbo wa baba redioni! Wale wanawake ni kina nani?"

Sauti ya kaka yake ilimfikia mama pia. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Ni mimi na mama yako mdogo."

Upande wa pili zilisikika honi.

"Mama, unaumwa?"

"Mzima kabisa. Una abiria?"

"Ninaye."

"Mfikishe kwanza, halafu uje. Hili si la kusikia mtu akiwa kwenye usukani."

Akakata simu, akaiweka chini taratibu. Fundi alikuwa bado anamtazama mdomo, kana kwamba ndio kwanza anamwona mtu huyu. Mama akajifuta uso kwa upande wa kanga.

"Niulize," alisema. "Leo uliza chochote unachotaka."

Na fundi, aliyekuwa na maneno kwa kila mteja, akauliza moja tu: "Chiriku alikuwa anacheka vipi?"