Safari Isiyopita Mtoni

Hajara alipoposwa na Asumani, fundi cherehani wa sokoni Arua, alijibu "sawa" kwa sauti ile ile aliyowajibia wateja wake wa simsim. Hakumchukia, wala hakufurahi. Alikuwa na kibanda chake kule Oli, pembeni mwa mji, na tangu awe mjane mwaka 1979 alikuwa akiishi kama mtu aliyelalia mkono: anaviona vidole vikishika kikombe, lakini kikombe chenyewe hakisikii. Watu walisema ni mpole. Santina, aliyeuza karanga kibanda cha pili, ndiye pekee aliyejua kuwa ule si upole.

Ndoa ilifungwa mwishoni mwa 1988, kiangazi kikiwa kimeanza. Watu walikula wali na mbuzi, wakaenda zao. Hazikupita siku nyingi, Asumani akaleta habari ya safari.

"Mimi nilikuwa askari tangu kijana," alimwambia. "Nilizunguka Uganda yote, lakini nyuma ya lori, turubai imefungwa. Sikuona kitu. Sasa nataka kuona. Wiki moja, mimi na wewe. Sehemu za zamani."

"Sawa," Hajara alisema.

Jioni baada ya kazi, Asumani alisukuma vipande vya vitambaa pembeni, akachukua chaki yake ya kuchorea nguo, akachora mto Nile juu ya meza ya kukatia. Kando ya mto, na mbali nao pia, akatia alama.

"Hapa Wadelai. Hapa Dufile. Ngome za askari wa Emin Pasha, yule gavana wa zamani, ilikuwa hapa, kabla ya Waingereza. Rafiki yangu Draku atatupeleka na pikapu yake. Tuanze wapi, Wadelai ao Dufile?"

"Popote."

"Tulale Pakwach?"

"Popote tu."

Jioni ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Asumani hakukasirika. Alikuwa mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Siku moja aliiweka chaki chini, akamtazama mkewe.

"Hajara, basi niambie kitu kimoja. Sehemu gani hutaki kwenda?"

Hajara alifungua mdomo aseme hakuna. Kilichotoka kilimshangaza hata yeye.

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Huo." Alionyesha mstari wa chaki. "Sitaki kuuona."

Kisha akamweleza, bila chozi, kama anayesimulia mambo ya mtu mwingine. Serikali ilipoanguka mwaka ule wa 1979, mume wake wa kwanza, Nasuru, alikuwa askari kule Gulu. Walikimbia kurudi kwao Koboko na binti yao mdogo, Nuru. Kivukoni pantoni ilikuwa imejaa askari na bunduki zao, hapakuwa na pa kuweka mguu, wakapanda mtumbwi.

"Mtumbwi ulipinduka. Nasuru alikuwa amembeba Nuru. Mimi nilishika mbao. Wao hapana."

Asumani akaufuta mto kwa mkono wa shati lake, kuanzia Pakwach mpaka mpakani mwa Sudan. Wadelai ikafutika nao, na Dufile. Mezani zikabaki alama chache: Mlima Wati, Omugo, Koboko, Mlima Liru, na Salia Musala, pale Uganda, Sudan na Zaire zinapokutana.

"Hii yote iko kavu," alisema. "Tutakwenda hii."

Kesho yake Hajara alimsimulia Santina. Santina aliacha kuchambua karanga.

"Amefuta Dufile? Asumani? Alipotushonea sare za kwaya alitusimulia Dufile mpaka tukachoka. Babu wa babu yake alikuwa askari ndani ya ile ngome. Wanubi wote wa kwao, uzao wa wale askari, wanaanzia pale. Tangu mtoto anataka kuona."

Hajara alisikia. Alingoja huruma imjie, na haikuja. Lakini akili yake ilikuwa nzima, na ilimwambia kuwa jambo hilo si la haki. Jioni akamwambia mumewe, "Tukifika Omugo, wewe nenda Dufile na Draku. Mimi nitangoja."

"Hapana."

"Nenda, Asumani."

Waliondoka Januari. Mlimani Wati walionyeshwa upande ambako Walugbara husema babu yao wa kwanza amezikwa. Asumani alivua kofia. Hajara alitazama mbuzi wakipanda mawe. Huko Omugo walifikia kwa Paska, shangazi yake Draku, na asubuhi yake Asumani akakubali, wanaume wakashika njia ya Moyo kuelekea Dufile. Walisema watalala huko na kurudi siku ya pili mchana.

Siku ya kwanza Hajara alimenya karanga na Paska, akalala vizuri. Siku ya pili mchana ulipita, pikapu haikuonekana. Alimwaga maji aliyokuwa akiteka. Akaangusha sinia.

"Dada, unatafuta nini barabarani?" Paska aliuliza.

Hajara alijitazama. Alikuwa amesimama katikati ya njia, miguu mitupu, kanga ikiburuta vumbi.

"Wako kwa mto," alisema.

"Dufile iko upande huu. Hawavuki."

"Najua." Hakuondoka.

Pikapu ilifika jua likizama. Gurudumu lilikuwa limetoboka njiani. Asumani aliruka chini akitabasamu, suruali yake imeganda tope mpaka magotini.

"Uliingia majini!"

"Kidogo tu, nilinawa—"

Hajara alimpiga ngumi ya kifua. "Nani alikuambia uingie? Nani?" Sauti yake ilifika madukani, watu wakageuka. Draku aliinama akajifanya anakagua gurudumu. Hajara alipiga tena, mara hii bila nguvu, na Asumani akabaki amesimama pale pale, akimwacha apige.

"Nimerudi," alisema. "Nimerudi, Hajara."

Walipokula usiku, Hajara aliweza kumwuliza: "Ulikuta nini?"

"Mtaro, na tuta la udongo. Ng'ombe wanakula majani juu yake."

"Basi?"

"Basi. Niliwasalimu wazee wangu. Halafu nikasikia njaa."

Walikwenda Koboko, wakafikia kwa dada yake Asumani. Mlima Liru, Hajara aliupanda nusu, akakaa kwenye jiwe. Salia Musala hawakufika. Askari wa mpakani waliwarudisha. Ganzi yake ya zamani ilikuwa imemrudia kwa saa nyingi za mchana, naye aliipokea kama mgeni anayemjua.

Siku ya mwisho dada mtu alitaka kufua nguo za kaka yake. Hajara alimpokonya ile suruali. Aliisugua mwenyewe mpaka maji ya beseni yakawa meusi kwa tope la mto uliowachukua Nasuru na Nuru. Akayabeba nyuma ya nyumba, akayamwaga polepole kwenye shina la mgomba, na akachuchumaa pale mpaka ardhi ilipoyanywa yote.